Mrithi Asiye na Majani

Mti wa kumi na saba haukuwa na kitu. Koleta Mbena aliiweka pua kwenye maji yaliyokuwa yakichuruzika shinani, akahesabu mpaka thelathini, akasoma kioo chake, akaenda mti wa kumi na nane.

Pua ilikuwa chombo cha ukubwa wa kikombe cha chai. Kwenye karatasi za serikali ilikuwa na jina refu ambalo hakuna mtu aliyelitumia. Ilinusa maji au hewa, ikakamata chembe za vinasaba zinazoachwa na kila chenye uhai, kisha ikakutajia nani yupo na nani alipita: kinyonga, mbega, uyoga, mti wa mkani. Watu waliamini kwamba nchi nzima haikuwa tena na kiumbe kisichojulikana. Kila kimoja kilikuwa na ukurasa wake katika Daftari la Uhai.

"Hapa inasema amepita mwanamume wa miaka sabini na tano, mwenye sukari iliyopanda," Koleta alisema bila kuinua kichwa. "Mjomba, umejisaidia kwenye mti wangu?"

Mjomba Kobelo alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia yake ya sufi imemfika nyusini. "Mti wako! Nimeanza kuukojolea mti huo kabla mama yako hajaota meno."

"Dawa umekunywa?"

"Nimekusindikiza msituni au nimekuja zahanati?"

Koleta aliinama tena. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kila shina kwenye mgongo ule wa Uluguru lilikuwa likishusha maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kufanya kazi, aliyoibuni mwenyewe kwa sababu magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda miti ya bure. Chochote kinachoishi juu ya mti huoshwa na mvua, na maji yakishuka hushuka na habari zake. Unasoma chini, unapanda pale tu panapostahili.

Juu yao, kwenye ukingo wa mlima, nguzo sitini nyeusi zilisimama zikisubiri nyavu. Zikishatundikwa, nyavu hizo zingeunywa ukungu wote unaovuka mgongo ule kila siku, zikaugeuza maji, na maji yakashuka kwa bomba mpaka Dar es Salaam, ambako kila mtu alipewa lita ishirini kwa siku na si tone zaidi. Mgongo ulikuwa fungu la Koleta. Aliurithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, maana kwao Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Na ni Koleta huyohuyo aliyesaini nyavu zije. Hakuona haya kusema kwa nini. Binti yake wa pekee, Theodata, aliishi Mbagala, ghorofa ya nne, na kila alfajiri ya zamu yake alipandisha madumu kwa mabega.

Halafu wavu wa majaribio ulitundikwa kwa siku moja. Maji yake yalipopimwa, yalitoa majina elfu tatu na mia mbili, na mstari mmoja usio na jina. *Okidi. Haimo katika Daftari.*

Mhandisi Bwire, msimamizi wa nyavu, angeweza kuufuta mstari ule na kwenda kulala. Badala yake alimpigia simu Koleta, kwa sababu alikuwa mtambuzi wa mimea mwenye leseni, na kwa sababu mgongo ulikuwa wake. "Mama Theodata, nakupa mpaka Ijumaa saa sita mchana," alisema. "Baada ya hapo mkataba unanilazimisha kutundika."

Leo ilikuwa Jumatano.

Mti wa kumi na nane ulitoa mstari usio na jina. Koleta aliguna. Wa kumi na tisa ukautoa pia. Wa ishirini, wa ishirini na moja, wa ishirini na mbili, yote iliutoa, na yote kwa nguvu ileile. Hapo alisimama akashika kiuno. Kwa kawaida mti mmoja hupiga kelele na jirani zake hunong'ona. Hapa ilikuwa kama mtu mmoja anaongea kutoka nyumba tano.

"Mbona umenyamaza?" Mjomba aliuliza. "Ukinyamaza naogopa."

"Napanda," Koleta alisema, akafunga mkanda.

Alipanda kwa kamba na mabuti, akisonya kila alipofika penye utelezi, kama alivyopanda kwa miaka ishirini na mitatu tangu apate diploma yake. Juu hakukuta kitu. Tawi lilikuwa limezongwa na nyuzi za kijivu, nene kama waya wa baiskeli, kavu, zisizo na jani hata moja. Alizidhania mizabibu mwitu iliyokufa. Alijilaza kifudifudi juu ya tawi apumzishe mgongo, na akiwa pale ukungu ukaja.

Uliingia kutoka mashariki, polepole, kama maziwa yanayomiminwa. Ukagusa uzi wa kwanza mbele ya pua yake, na uzi ule ukawa kijani.

Koleta hakupumua. Kijani kilitembea. Kilipita chini ya kidevu chake, kikazunguka tawi, kikaruka kwa uzi mmoja mwembamba uliokuwa umetandwa hewani mpaka mti wa pili, kikashuka shina lake, kikapanda la tatu. Kila ukungu ulipofika, kijivu kilikufa na kijani kikazaliwa, kibichi, kinachong'aa kama njegere iliyotoka kwenye ganda lake. Miti kumi. Ishirini. Alipogeuza shingo aliuona mgongo mzima wa mlima ukivishwa chini yake, na akatambua kwamba alikuwa akiupita msitu huu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na kamwe hakuwahi kuuona.

Mizizi. Ilikuwa mizizi mitupu. Mmea huu ulikuwa umeyaacha majani zamani, ukaifundisha mizizi kula jua na kunywa hewa.

Aligusisha pua kwenye uzi, kisha akaifunga kamba nyembamba, akairusha mpaka mti wa jirani, akaivuta, akasoma tena. Aliuliza swali ambalo alikwisha kujua jibu lake. Mimea mingapi?

*Mmoja,* pua iliandika.

Ua alilikuta baada ya nusu saa. Lilikuwa limening'inia chini ya tawi, peke yake, dogo kama ukucha wa kidole gumba, jeupe, na nyuma yake mkia mwembamba wenye asali uliofika urefu wa kiganja. Harufu yake ilikuwa ya nguo ya mtoto mchanga iliyoanikwa juani. Alipima mdomo wa ua, akapima mkia, akahesabu vifurushi viwili vya chavua. Okidi, bila shaka yoyote. Akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati, akashuka.

"Umeona nini huko?" Mjomba aliuliza.

"Mjomba," alisema, "sijui nikuambie vipi."

*

Waliketi chini ya turubai la Mhandisi Bwire, wote watatu, chai ya tangawizi mbele yao. Bwire alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusugua macho akiwa na habari mbaya.

"Daftari linataka mwili," alisema. "Ua zima, na kikonyo chake, ndani ya sanduku. Bila hivyo hakuna jina, na bila jina hakuna mmea wa kuzuia nyavu."

Koleta aliijua sheria hiyo kuliko yeye. Zamani pua pekee ilitosha. Kisha wajanja wakaanza kutengeneza vinasaba vya uongo na kuvipuliza hewani, huyu azuie barabara, yule auze msitu kwa bei ya dhahabu. Tangu hapo ilikuwa hakuna ua, hakuna jina. Yeye mwenyewe alikuwa amekata maua mia tatu na kumi na mawili katika kazi yake, na hakuna hata moja lililomnyima usingizi.

"Ua ni moja," alisema. "Msitu mzima, ua moja. Mbegu zake hutengenezwa ndani ya kikonyo. Nikikata nimepata jina la kitu ambacho nimekihasi."

"Na usipokata natundika nyavu, ukungu unaisha, mmea unakauka," Bwire alisema. "Mama, mimi sishindani nawe kwa hili. Nikiukosa mgongo huu nitahamia mwingine, lakini ni miaka miwili ya kuchimba misingi. Miaka miwili ya lita ishirini kwa watu milioni kumi na tano. Nao si tarakimu tu. Mama yangu mzazi ni mmoja wao."

"Binti yangu pia."

Koleta alikuwa amekwisha kujaribu, kule juu. Alikuwa ameuweka mkasi kwenye kikonyo, akauondoa, akauweka tena. Mtu hamsajili mtoto kwa kumkata kichwa.

Mjomba Kobelo alipuliza chai yake. Alikuwa mndewa, mkuu wa ukoo wao, na alikuwa na desturi ya kusema jambo zito kama anayeomba sukari. "Hiyo sheria ya mtoto aliyekuja baada ya saini," alisema, "bado ipo?"

Bwire aliacha kusugua macho.

Ilikuwepo. Mwenye ardhi akipata mtoto baada ya kusaini, mkataba hulala mpaka mtoto afikie umri wa kuukubali au kuukataa mwenyewe. Mtoto wa kuzaa au wa kupokea, yote sawa. Na walipoanza kuzaliwa watoto waliobebwa na mashine badala ya tumbo la mama, wakatokea wakubwa wa kusema kwamba hao si binadamu na hawana urithi. Wabunge wakachoka na mabishano. Wakalifuta neno "binadamu", wakaandika: *chochote chenye uhai kitakachopokewa na ukoo.*

"Hawakukusudia mimea," Bwire alisema.

"Waliandika walichoandika," Koleta alisema. "Na mlango wa ukoo hauhitaji mwili. Unahitaji pua, kiapo cha mndewa, na kiganja cha mrithi aliyepo."

"Ngoja kwanza, mpwa wangu," Mjomba alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya kuomba sukari. "Kwetu kupokea si mchezo wa karatasi. Ukimpokea, umempokea. Fungu lake linatoka kwako, si kwa ukoo. Mgongo huu ungekuwa wa Theodata. Sasa hautakuwa wake, wala wa watoto wake. Umemwuliza?"

Koleta aliitazama chai yake mpaka ikapoa. Kisha akapiga simu.

"Mama," Theodata alisema baada ya kusikiliza yote, na nyuma yake ndoo ziligongana, "nieleze tena polepole. Unanipokonya shamba, unanipokonya maji, unampa mzizi?"

"Ndiyo."

"Nakuja," Theodata alisema, akakata.

*

Alifika Alhamisi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, begi moja na chupa ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Usinilishe kwanza. Ni kweli unanigawia urithi na mti?"

"Si mti. Anaishi juu ya mti."

"Ah, basi nimeridhika." Theodata alivua kiatu akakung'uta kokoto. Alikuwa na mdomo wa mama yake, na wote wawili walilijua hilo. "Mama, jirani yangu anaoga maji aliyooshea mchele. Siongezi chumvi. Anaoga, halafu anamwagilia mchicha. Na mimi ndiye niliyemwambia avumilie, kwa sababu mama yangu amesaini nyavu."

Koleta alilichukua begi la binti yake. "Nilisaini kwa ajili yako. Sasa nimeona kitu. Kesho upande ukione, kisha ukatae."

"Na nikikataa?"

"Nitakusindikiza stendi."

Ijumaa asubuhi alimfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. "Vuta tumbo," alisema. "Sina tumbo," Theodata alijibu. "Basi vuta ulicho nacho." Wakapanda, mama mbele, binti nyuma akilaani mabuti ya kuazima. Chini, Mjomba, aliyekuwa amekwisha kula kiapo chake mbele ya pua, alisimama na redio ya mawasiliano mkononi. Ukingoni, vijana wa Bwire walikuwa wamekwisha kukunjua nyavu.

Siku ilikuwa kavu. Jua lilichoma, na ukungu haukuonekana popote. Nyuzi zilikuwa kijivu tupu kila upande.

"Ni hizi?" Theodata aliuliza. "Mama, hizi ni kamba za kuanikia nguo."

Koleta alikuwa ameandaa maelezo, kuhusu mizizi, kuhusu mmoja aliyeenea miti zaidi ya mia. Aliona jinsi yangesikika. Akamwonyesha ua tu. Theodata alilinusa, akasema, "Linanukia vizuri," kama mtu anayesifia chakula cha msibani.

Saa nne. Saa tano. Saa tano na nusu. Theodata alikunywa maji, akatazama kilichobaki kwenye chupa kwa jicho la mtu wa lita ishirini, yale mafunda mawili matatu. Kisha, labda kwa kuchoka kusubiri, aliinamisha chupa akamwagia uzi uliokuwa karibu na goti lake.

Kijani kilikimbia. Kilienda urefu wa mkono mmoja, kikafika maji yalipoishia, kikasimama.

Theodata alimwaga tena, kidogo, mbele ya pale kiliposimama. Kikaendelea. Alimwaga mpaka tone la mwisho, akitambaa juu ya tawi kukifuata, na chupa ilipoisha alibaki ameishika juu chini, akitazama.

"Wote wako hivi?"

"Hakuna wote," Koleta alisema. "Ni mmoja. Kuanzia pale kwenye jabali mpaka kule nyuma ya nguzo."

Theodata alitazama kutoka kwenye jabali mpaka kwenye nguzo. Ilimchukua muda. Kisha akanyoosha kiganja, si kwa furaha, akakibandika kwenye pua.

*Kiganja cha mrithi kimepokelewa,* pua ilisema kwa sauti ya mwanamke wa kaunta. *Kiapo cha mndewa kimepokelewa. Umri wa mrithi mpya unapimwa.* Ikanguruma. Iliendelea kunguruma kwa muda mrefu kuliko Koleta alivyowahi kuisikia. *Miaka elfu moja mia nne na kumi. Inaweza kupungua au kuzidi kwa miaka sitini.*

"Imesemaje?" Mjomba aliuliza redioni.

Koleta aliweza kumjibu kwa shida. "Imesema ana miaka elfu moja na mia nne, Mjomba. Alikuwepo kabla ya ukoo."

Redio ilikoroma tupu. Chini kabisa, katikati ya majani, Koleta alimwona mzee akivua kofia yake ya sufi, na kichwa chake cheupe kikabaki wazi.

*Mrithi wa kwanza: asiye na jina. Mrithi wa pili: Theodata.*

"Wa pili?" Theodata alisema. "Mimi?"

*Mrithi wa kwanza ana umri wa kuamua. Mkataba haulali. Je, anazikubali nyavu?*

Koleta alikuwa amepanga kila kitu kwa mtoto. Mtoto angeulaza mkataba miaka kumi na minane. Hakuwaza kwamba Daftari lingempima, likamkuta mtu mzima.

"Nitamsemea mimi," alisema haraka.

*Mama aliyempokea ana saini kwenye mkataba. Hawezi kusema. Asiyesema husemewa na ndugu yake. Theodata, je, anazikubali nyavu? Zimebaki dakika kumi na moja.*

Kulikuwa na mengi ya kusema. Koleta alikuwa mama, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kukosa la kumwambia mtoto huyu. Alilishika tawi kwa mikono yote miwili, akauma mdomo, akanyamaza. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya juu ya mti.

Theodata hakumtazama. Alikuwa ametazama mashariki, upande wa tambarare, mahali ambapo mbali sana, pasipoonekana, watu walikuwa wamepanga ndoo zao. Na kutoka upande huohuo ukungu ukaja. Ulichelewa, ulikuwa mwepesi, lakini ulikuja. Ukapanda bonde, ukagusa jabali, na jabali likawaka kijani. Kijani kikapanda mti wa kwanza. Kikavuka. Kikavuka tena. Kilikuja kikiwaelekea wao wawili, mti baada ya mti, kimya kabisa, kikapita chini ya viganja vyao na magoti yao, na Koleta aliuhisi uzi ulio chini ya mkono wake ukijaa, ukilainika, kama mshipa. Nyuma yao kikaendelea mpaka kwenye nguzo, kikazizunguka miguu. Msitu wote ulikuwa umeamka, na ulikuwa mmoja.

Theodata aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mizizi.

"Shikamoo, dada," alisema.

Alisubiri, kama mtu anavyosubiri kujibiwa. Alisubiri sana. Koleta hakujua anasikia nini, na hakuuliza, si siku ile wala baadaye. Alipoinua kichwa, unyevu ulikuwa umemjaa usoni, na kwa ukungu ule mtu asingeweza kujua ni wa nini.

"Hakubali," Theodata aliiambia pua.

*Imeandikwa.*

Ukingoni, Mhandisi Bwire alipiga filimbi mara mbili, na vijana wakaanza kukunja nyavu. Ilichukua muda. Zilikuwa kubwa, na zilikuwa zimekwisha kulowa.

Theodata aliifunga chupa yake tupu, akaichomeka kwenye mkanda.

"Nishushe, mama," alisema. "Kesho alfajiri ni zamu yangu ya maji."